Sufuria inayotazamwa

Iringa, 14 Julai

Rehema shoga yangu,

Barua yako ilinikuta jikoni, nikacheka peke yangu mpaka mtoto akaja kuuliza kuna nini. Kumbe ulinuna siku mbili nzima kwa ajili ya sufuria! Yule Mwingereza wa ofisini kwenu hakukuita mpishi. Alikuona unafungua simu kila baada ya dakika tano kuangalia kama majibu ya usaili yametoka, akakwambia "a watched pot never boils": sufuria inayotazamwa haichemki. Ni methali yao ya zamani. Alikuwa anakupa pole, kwa namna ya kwao.

Ila hiyo tafsiri yako ya "subira huvuta heri" naikataa. Subira yetu ina malipo, ukingoja heri inakuja. Methali yao haikuahidi chochote, hata hiyo kazi. Inachosema ni kwamba macho yako ndiyo yanayourefusha muda. Kwetu ningeiweka karibu na "ngoja ngoja huumiza matumbo", ingawa hiyo nayo tunaitumia zaidi kumkemea anayekawia.

Imo katika Mary Barton, riwaya ya Elizabeth Gaskell ya mwaka 1848, habari za watu wa viwandani Manchester. Na hapa utacheka: pale inaposemwa hakuna sufuria wala moto. Mtu ameukodolea macho ule mshale wa juu ya paa unaoonyesha upepo unakoelekea, ndipo anaambiwa sufuria inayotazamwa haichemki. Yule anayemwambia anasema yeye hujizuia hata kuutupia jicho, maana akiutazama hatafanya kazi nyingine yoyote. Basi ni wewe na simu yako, enzi za matanga.

Juzi nikaamua kuijaribu. Nilibandika lita mbili za maji kwenye jiko la mkaa, nikafunika, nikaenda kuchambua mchele. Dakika kumi na nne. Nikabandika mengine kiasi hicho hicho, nikakaa na kigoda changu mbele ya jiko, nafunua, nachungulia, nafunika. Kumi na tisa! Kila ukifunua, mvuke unaondoka na joto lake, nawe unaanza kulipa deni. (Mkaa nao ulikuwa umeshaanza kufifia, nisikudanganye.) Dakika hizo tano si kitu, lakini pale kwenye kigoda niliona kama nimekaa tangu adhuhuri. Huku kwetu juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, maji yanachemkia kwenye nyuzi 95 hivi, si 100 kama huko kwenu Dar. Yanawahi kuchemka, halafu maharage yanagoma kuiva. Mama mkwe hanielewi hata nikimweleza mara ngapi, kwake mimi ni mvivu wa kuchochea moto.

Shemeji yako, na fizikia yake, akadakia kwamba iko sufuria isiyochemka kweli ukiitazama. Mwaka 1977 wanafizikia Misra na Sudarshan waliionyesha kwa hesabu. Mwaka 1990 Wayne Itano na wenzake, huko Boulder, Marekani, wakachukua ioni za berili (atomi za madini hayo zenye chaji ya umeme) kama 5,000, wakazipiga mawimbi ya redio ambayo kwa milisekunde 256 huzihamisha kutoka hali moja hadi nyingine. Wasipozichungulia, zinahama. Wakizichungulia kwa leza katikati ya safari, ni kama zinarudishwa mwanzo. Walipochungulia mara 64, karibu zote zilibaki pale pale. Nikamuuliza, je, inafika mpaka kwenye maji ya chai? Akasema hapana, ni kwa vitu vidogo mno. Alionekana kusikitika kidogo.

Sasa wewe, walikwambia wiki sita, na leo ndiyo kwanza ya tatu. Simu mpe mwanao acheze michezo yake, uje huku Ijumaa. Basi za asubuhi zipo, na chumba cha uani kiko wazi. Ukipata majibu njiani, nipigie, usiandike.

Maharage bado. Nimeyafunua mara tatu tangu nianze barua hii.

Wako,
Tumaini