Pikipiki imebaki Lusaka, mimi niko Kibosho

Chalii yangu,

Za huko Sakina? Najua ushasikia nimeonekana Moshi, na nakujua ulivyo, ushasambaza kwamba safari imenishinda nimeuza pikipiki njiani. Hata Mama siku naingia, shikamoo yenyewe hajamaliza kuitikia, "na chombo kiko wapi?" Sijauza bana. Iko Lusaka imelala, na mwisho wa Januari naifuata niendelee nayo Livingstone kama nilivyokwambia.

Tarehe ndo zilivuruga. Sendofu ya mdogo wangu ilikuwa Februari, wakakaa kikao bila mimi wakaileta 28 Desemba, na unaijua familia yetu, Desemba mtu hata awe Songea lazima apande mlimani, sembuse kaka wa bibi harusi. Kurudi nayo kutoka Lusaka mpaka hapa ni kilomita 2,000 na ushee, alafu Januari nizirudie tena zote, na ile barabara ya Zambia, Nakonde mpaka Mpika, niliyopita mara moja tu kiuno bado kinalalamika. Mvua nazo zishaanza kule, mpaka Aprili huko. Nikasema naacha chombo napanda ndege.

Sasa wewe kila tukiongea ni itaibiwa, itaibiwa. Mwizi wala hakuninyima usingizi, karatasi ndo ilininyima. Pale Nakonde mpakani forodha wanakuandikia kibali cha muda cha chombo, hulipi ushuru wa kuingiza kwa sababu umeahidi utatoka nacho. Mimi niliandikiwa siku 30, na mpaka napata taarifa ya sendofu nishakula 11. Sasa piga picha siku zinaisha, pikipiki iko ndani ya Zambia, mwenyewe uko Kibosho unakunywa mtori, kwa macho yao umeingiza chombo nchini kimyakimya, hapo ujiandae kwa faini au ushuru wenyewe au waikamate kabisa. Wale wazungu wanaozunguka Afrika nzima wanakuwa na kile kitabu cha forodha ambacho kila mpaka wanachana kipande, kinadumu mwaka mzima, ila kukipata unaweka dhamana ya hela ndefu. Sisi wa pikipiki za mtumba kama XL yangu tunaenda na karatasi ya mpakani.

Kwa hiyo kabla sijakata tiketi nikaenda kuomba waniongezee siku. Aisee, nilizungushwa siku mbili, huyu katoka kula, yule yuko kwenye mkutano, kuna kijana mmoja akaniambia rudi kibali kikishaisha ndo tutakuongezea. Nikashtuka, kikishaisha utaongeza nini sasa? Nikakaa palepale kwenye benchi mpaka nikampata mama mmoja mtu mzima, akavaa miwani, akasoma karatasi yote mbele na nyuma, akauliza inalala kwa nani. Nikampa barua ya fundi anayenitunzia yenye namba yake ya simu na namba za chesisi, nikampa na tiketi ya kurudi. Akagonga muhuri mpaka 8 Februari. Ningeweza ningemletea mkungu wa ndizi yule mama.

Na muhuri ule ulinisaidia, maana uwanja wa ndege jamaa wa uhamiaji alifungua pasi akaona nimeingilia Nakonde, akaniangalia, akaangalia helmeti niliyoshika, akauliza, "uliingia na nini?" Nikatoa karatasi kabla hajamaliza.

Pikipiki iko kwa Mnyakyusa mmoja ana gereji kule, amekaa Lusaka miaka mingi mpaka Kiswahili chake kimechanganyika na Kinyanja. Nilielekezwa na dereva wa lori niliyekula naye wali maharage Tunduma, ndo ujue foleni ile ya mpakani ina faida zake. Tuliiandaa pamoja mchana kutwa. Betri tukaitoa, iko kwenye rafu ndani. Kabureta tukafungua ile nati ya chini tukamwaga petroli yote kwenye chupa ya Fanta, ikatoka na uchafu mwekundu kama udongo wa kwetu, nikaelewa kwa nini ilikuwa inakohoa kuanzia Mpika. Tenki lakini tukalijaza mpaka juu, maana likibaki nusu unyevu unaingia na kutu inaanza ndani, fundi akasema kwa kucheka lakini ujue ukirudi hutalikuta limejaa, nikamwambia najua. Cheni tukaipaka oili nzito, ekzosti tukaiziba kitambaa panya wasifanye nyumba, alafu tukaipandisha juu ya kreti la soda tairi zisikae chini muda wote. Nikapiga picha kilomita kwenye dashibodi, 48,316.

Ufunguo nimemwachia, maana gereji ikishika moto atahitaji kuisogeza, ufunguo ukiwa Kibosho utamsaidia nini. Ila kadi ya pikipiki orijino nimekuja nayo, nimemwachia kopi. Ile karatasi ya TRA ya kutokea Tunduma pia ninayo, nisije nikarudi nikaambiwa naingiza pikipiki mpya. Bima ya nje, ile kadi ya njano, inaisha katikati ya Januari, ila hiyo inakatwa hukuhuku nyumbani na pikipiki iliyo juu ya kreti haigongi mtu, nitaikata siku mbili tatu kabla ya kuondoka.

Ungeniona nilivyoshuka KIA. Helmeti ilikataa kuingia kwenye begi, nimekuja nimeipakata mpaka Nairobi na kutoka Nairobi, nikachukua bodaboda mpaka njia panda nikavaa helmeti yangu, dogo akageuka, "bro hii ya nini?" Ya pikipiki yangu. "Iko wapi?" Lusaka. Alicheka mpaka akapunguza mwendo.

Jana fundi kanitumia picha. Turubai nililofunika limesogezwa pembeni na kuku katagia kwenye siti, mayai manne, na yeye kaandika tu "wageni". Sijui nifurahi au nini. Tenki nimemuuliza, hajajibu.

Sasa nikuombe. Waya wa klachi wa XL ulikuwa unakaribia kukatika, Moshi nimezunguka sijapata wa kwake, wananipa wa Boxer wanasema utaingia tu. Nicheki hapo Arusha mjini, na plagi mbili, nitakurudishia hela siku ya sendofu. Unakuja tarehe 28 na hukuniambia unakuja na nani, Mama anahesabu sahani.

Wako wa Kibosho