Tuhamie Texas na magari haya, au tubaki Minnesota?

Mhariri mpendwa,

Nakusalimu wewe pamoja na wasomaji wenzangu mlioko Marekani, hasa mliowahi kuhama jimbo mkiwa na watoto, deni la gari na akiba ndogo. Mimi na mume wangu tunaishi kaskazini mwa Minneapolis, jimbo la Minnesota, huu ukiwa mwaka wa tisa. Mimi ni mhudumu katika makao ya wazee, naye anafanya kazi ya ghala zamu ya usiku. Shemeji yangu, anayeishi Arlington, Texas, pamoja na mama mkwe wangu, anatusihi tuhamie huko watoto wakifunga shule kwa Krismasi, na mume wangu ameshaahidiwa kazi kaskazini mwa Fort Worth kwa mshahara unaokaribiana na wa hapa.

Hoja kubwa ya shemeji ni kodi. Texas haitozi kodi ya mapato ya jimbo, ilhali sisi, kwa kipato chetu sote wawili cha dola 92,000, tuliilipa Minnesota dola 2,900 hivi kwa mwaka 2024. Nilikubaliana naye kabisa hadi jioni nilipokaa na daftari nikaanza kuhesabu magari.

Gari la kwanza ni Toyota Sienna ya mwaka 2017, tuliyoinunua Septemba 2022, wakati magari yaliyotumika yalikuwa bado ghali kwa sababu ya uhaba wa chipu viwandani. Tulikopa dola 27,000 kwa miaka sita na tunarejesha dola 500 kila mwezi. Deni lililobaki ni dola 15,500, lakini mfanyabiashara wa magari aliyeikagua majuzi ametaja dola 12,000 tu, kwa hiyo tukiiuza leo tutaongeza dola 3,500 kutoka mfukoni na kubaki bila gari.

La pili ni Corolla ya mwaka 2008, ambayo haina deni. Wiki iliyopita fundi aliinyanyua, akaniita nisimame chini yake, akaichokonoa chesisi kwa ncha ya bisibisi. Kutu ikabanduka vipande vipande kama ukoko wa wali na kumwangukia kiganjani. Hiyo ndiyo kazi ya chumvi inayomwagwa barabarani hapa kila majira ya baridi. Isitoshe, taa ya injini inawaka tangu Machi kwa kuwa katalisti, kifaa kinachosafisha moshi wa injini, imekufa. Minnesota haipimi moshi wa magari, kwa hiyo tumeendelea kuiendesha. Texas nayo imeondoa ukaguzi wa usalama wa magari ya kawaida tangu Januari 2025, lakini kipimo cha moshi kimebaki katika kaunti kadhaa, na Tarrant, ilimo Arlington, ni mojawapo. Gari lenye taa ile haliwezi kupita. Fundi anataka dola 1,350 kulitengeneza, na sidhani kama lenyewe litauzika kwa dola 2,500.

Hapa gari hilo likilala, napanda basi na kufika kazini. Arlington haina mabasi ya kawaida yenye njia na ratiba. Kuna vigari vya abiria vya kuitwa kwa simu. Kwa hiyo gari la pili, ambalo hapa ni msaada, kule ni lazima. Mume wangu ataendesha maili 56 kwa siku, kwenda na kurudi, badala ya 14, na mafuta ya nyongeza hiyo yatatugharimu dola 1,300 hivi kwa mwaka. Bima ya magari yote mawili, ambayo sasa ni dola 168 kwa mwezi, tumetajiwa dola 251 kwa anwani ya shemeji. Nikitoa hayo mawili tu kwenye ile kodi, inabaki kama dola 600, na barabara za kulipia sijazigusa.

Usajili haunitishi, kwa sababu mkazi mpya hulipa dola 90 kwa kila gari badala ya kodi ya mauzo ya asilimia 6.25, na amepewa siku 30. Ninachohofia ni safari yenyewe. Ni zaidi ya maili 900 kwa barabara ya I-35, na mume wangu anataka tuikokote Corolla nyuma ya lori la kukodi. Lori na trela ni dola 2,300 kabla ya mafuta, na akiba yetu yote ni dola 6,000.

Lakini mama mkwe wangu alipata kiharusi mwezi Mei. Mume wangu hasemi mengi, ila kila akitoka kazini alfajiri humpigia simu kabla hajavua viatu. Sitaki daftari langu liwe ukuta kati yake na mama yake.

Naomba ushauri wenu. Je, tuiuze Corolla hapa hapa ilivyo, kisha tutafute kule gari lisilo na kutu kwa fedha taslimu? Waliohama na gari lenye mkopo, mkopeshaji aliwasumbua kuhusu hati ya umiliki? Au mume wangu atangulie peke yake na Sienna, akae kwa kaka yake hadi Juni, nami nibaki na watoto na basi, tukijua kwamba hatujawahi kuishi mbalimbali hata mwezi mmoja tangu tuoane?

Wenu,
Mama wa watoto wawili, Minnesota