Mama wa basi la Arua, asante

Mama, sikukuuliza jina. Tulikaa kiti kimoja kwenye basi la kutoka Arua kwenda Kampala, wewe dirishani, na tulipokaribia daraja la Karuma ukaliona lile baka lililopauka mkononi mwangu. Nikakwambia ni choa tu. Miezi minane nilikuwa nalipaka dawa ya fangasi niliyouziwa dukani, bila mtu hata mmoja kuligusa.

Wewe uliligusa. Ulichomoa uzi kwenye pindo la shuka yako, ukausokota, ukasema, "Fumba macho, mwanangu, nioneshe ninapokugusa." Nilionesha kila mahali isipokuwa pale kwenye baka. Choa huwasha, ulisema, lakini baka lenye ganzi lipeleke hospitali kesho, usingoje. Neno ukoma ulilitamka kwa kuninong'oneza, abiria wasisikie. Kwa staha hiyo peke yake nakushukuru.

Kweli ulikuwa ukoma. Dawa zake hutolewa bure, na kwa mwenye mabaka machache kama mimi ni miezi 6. Siku ya dozi ya kila mwezi, ile inayomezwa mbele ya mhudumu, mkojo hugeuka mwekundu. Mara ya kwanza nilishtuka sana! Mke wangu na watoto walipimwa, wote wazima. Vidole vyangu vyote vina nguvu, bado nashona.

Ijumaa nimemaliza pakiti ya mwisho. Anayemjua mama huyo amwambie kwamba yule kijana mwenye begi la vitambaa amepona. Mungu akuzidishie, Mama.