Shukrani kwa Mtafiti Aliyenichorea Molekuli
Kwako mtafiti ambaye hata jina hukunitajia, pokea shukrani zangu za dhati. Nilikuwa nimeshika fomu ya kusomea famasia, nikiamini kwamba hiyo ndiyo njia pekee ya kuingia katika utafiti wa dawa, hadi ulipoigeuza na kunichorea molekuli ya dawa mgongoni mwake, ukinieleza kwamba anayeiunda ni mwanakemia, anayechunguza inavyotenda mwilini ni mtaalamu wa famakolojia, na kwamba safari ya molekuli hiyo hadi kwa mgonjwa huweza kupita miaka 10. Shahada ya kwanza hutosha kukuingiza maabara, ulisema, lakini kuongoza utafiti mara nyingi hudai shahada ya uzamivu (PhD). Nimechagua kemia (ambayo, nakiri, inanitoa jasho), na fomu ile ningali nayo.