Risala ya Wanafunzi wa Umeme kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa chuo, walimu, wazazi wetu, na mafundi mliotoka Matondoni, assalaam aleikum. Karibu Lamu.

Fundi wa jahazi akitaka kujua kama ubao umenyooka, hufumba jicho moja akauangalia toka ncha hadi ncha. Viwandani jicho hilo ni kihisi mwanga, na chetu ni hiki kilicho juu ya meza, kinachoiongoza mashine yetu ya kutoboa mbao za milango.

Fundi hubandika kidoa cheupe pale panapotakiwa tundu. Taa hukimulika, na lenzi hutupa picha yake juu ya diodi nne, yaani vipande vidogo vinavyogeuza mwanga kuwa umeme, zilizopangwa kama vioo vinne vya dirisha. Kidoa kikiwa katikati, diodi zote hutoa umeme sawa. Kikihama hata kidogo, upande mmoja huzidi, na ile tofauti ndiyo inayoziamrisha mota ziisogeze meza iliyobeba ubao mpaka tofauti iishe. Hapo keekee hushuka.

Kilichotuhangaisha ni jua. Ndani ya karakana kazi ilikwenda vizuri, lakini tulipoitoa mashine barazani, meza ilianza kutetemeka na tundu likaangukia pembeni. Tuliharibu mbao mbili za mbambakofi, na mbambakofi haupatikani kwa bei rahisi. Dawa tuliyoipata ni kuifanya taa ipepese maelfu ya mara kwa sekunde, na kihisi kifuate mpepeso huo tu. Jua halipepesi, basi mashine hulipuuza.

Wanaotengeneza chipu za kompyuta hulinganisha tabaka zake kwa mwanga vilevile, wakikosea nanomita chache tu, nao unywele mmoja una unene wa takriban nanomita 80,000. Sisi tumefika nusu milimita, na kwa mlango wa Lamu inatosha. Nakshi yenyewe, wazee wetu, itabaki kuwa kazi ya mikono yenu. Hilo tunalisema kwa moyo wote.

Mheshimiwa, osiloskopu tunayotumia, yaani chombo cha kuonyesha mawimbi ya umeme, ni ya kuazima, na kila Alhamisi jioni hurudi kwa mwenyewe. Unga wa mbao nao huziba lenzi, tukawa tunaifuta kwa pamba mara tatu kwa siku. Tunaomba osiloskopu yetu wenyewe na mashine ya kunyonya vumbi.

Kabla hujaondoka, tafadhali usukume ubao huu kwa kidole, uone meza itakavyokirudisha kidoa mahali pake.

Tunaomba kuwasilisha.