Kuhusu uvimbe wa mdogo wako

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi, na poleni kwa wasiwasi. Nimeisoma karatasi ya ultrasaundi ya mdogo wako. Uvimbe wa sentimita 5 ndani ya msuli wa tumbo, jirani na kovu la kupasuliwa wakati wa kujifungua, unaweza kuwa desmoidi (uvimbe wa tishu za nyuzi), lakini karatasi hiyo haitoshi kuthibitisha. Kama maumivu yanapanda kila akiingia hedhini, huenda ni tishu za mji wa mimba zilizoota kwenye kovu. Mwulize hilo leo.

Asikubali kupasuliwa kabla hajachukuliwa kipande cha uvimbe cha kupimwa maabara. Itumike sindano nene, geji (kipimo cha unene wa sindano) 14 au 16, itoe vipande kadhaa. Sindano nyembamba ya kunyonya huleta seli chache zilizotawanyika, na ni vigumu kuzitofautisha na za kovu la kawaida. Maabara ipake rangi ya kuonyesha protini ya beta-katenini: kwenye desmoidi kwa kawaida huingia hadi ndani ya kiini cha seli. Isipoonekana, bado si mwisho; itafutwe hitilafu ya CTNNB1, jeni inayotengeneza protini hiyo. Nayo isipopatikana, apimwe utumbo mpana kwa kamera, kwa kuwa hitilafu ya jeni ya APC huzaa desmoidi na pia vinyama vingi vya utumbo vinavyoweza kugeuka saratani. Tafadhali simamia hatua hiyo wewe mwenyewe, isirukwe.

Ikithibitishwa, nawaomba uvumilivu. Desmoidi haisambai mapafuni wala kwenye ini, na nyingi husimama au kunywea zenyewe. Ukiikata, inaweza kurudi palepale. Kwa hiyo MRI (picha ya mashine ya sumaku) ya kwanza ya ufuatiliaji ifanyike baada ya mwezi 1 hadi 2, kisha kila miezi 3 hadi 6. Picha zilinganishwe na ile ya kwanza kabisa, siyo iliyotangulia tu, maana ongezeko la milimita chachechache hujificha. Uvimbe ukikua mwanzoni msishtuke: dawa haianzishwi kwa picha moja, isipokuwa maumivu yamezidi au kiungo muhimu kinabanwa. Waulizeni pia rangi yake kwenye picha za T2, aina mojawapo ya picha za MRI. Ukizidi kuwa mweusi, seli zinapungua na nyuzi zinaongezeka. Hiyo ni habari njema hata kama ukubwa ni uleule.

Akitaka mimba nyingine, amwambie daktari mapema. Desmoidi inaweza kukua wakati wa ujauzito, ingawa hilo si katazo.

Nitumie CD ya picha zenyewe, siyo maelezo peke yake, pamoja na tarehe aliyopasuliwa wakati wa kujifungua.

Wako,
Zuhura