Kwa nini hatutoi mtoto wa mbwa mwezi wa Desemba

Simu za kuulizia watoto wa mbwa huanza kuingia hapa kliniki wiki ya Jamhuri. "Daktari, mna vijibwa? Natafuta kale keupe ka manyoya mengi, ka Krismasi." Anayepiga mara nyingi ni mzazi. Wakati mwingine ni mjomba aliyerudi kutoka Qatar, au shangazi anayetaka kuwafurahisha watoto wa dada yake. Nia ni njema na tunaiona. Hata hivyo jibu letu halibadiliki: sisi huwaunganisha wateja na wafugaji tunaowachanjia mbwa, lakini kati ya tarehe 10 Desemba na 10 Januari hatumkabidhi mtu yeyote mtoto wa mbwa, hata kama ameshalipa. Wako wateja waliokasirika wakaenda kununua kwingine. Naomba nieleze hapa kwa kirefu, maana kwenye simu ya dakika mbili siwezi.

Miaka michache iliyopita, asubuhi ya tarehe 27 Desemba, baba mmoja wa mtaa wa Komarock, hapa Nairobi, aliingia akiwa amekumbatia katoni ya mafuta ya kupikia. Nyuma yake alikuwa binti yake wa miaka minane, bado amevaa gauni la Krismasi. Ndani ya katoni, juu ya gazeti lililolowa, kijibwa cheupe kilikuwa kimejikunja, na utepe mwekundu bado uko shingoni. Nilivuta ngozi ya shingo kwa vidole viwili, nikaiachia; ilibaki imesimama badala ya kurudi mahali pake. Ufizi ulikuwa mweupe na wa kunata. Harufu nayo ilikuwa imeshanieleza mengine yote, kwa sababu kuhara damu kwa parvo, ugonjwa wa kirusi unaoua watoto wa mbwa, kuna harufu yake, na ukishainusa mara moja huisahau.

Baba alikuwa amemnunua jioni ya tarehe 24 kando ya barabara, kwa kijana aliyebeba wengine watatu kifuani. Aliambiwa mtoto ana miezi miwili na ameshachanjwa. Nilimfungua mdomo: meno ya nyuma ndiyo kwanza yalikuwa yanachomoza. Alikuwa na wiki tano, sita ukitia chumvi. Kadi ya chanjo ilikuwepo, ina tarehe na sahihi, lakini haikuwa na stika hata moja. (Ukiwa hujui: kila chupa ya chanjo ina stika ndogo yenye jina la dawa na namba ya toleo. Daktari huibandua na kuibandika kwenye kadi. Kadi yenye maandishi ya kalamu peke yake haithibitishi kitu.)

Tulimweka kwenye dripu siku tatu. Alikufa usiku wa tarehe 30. Binti alikuwa ameshampa jina, Simba, na walipokuja kumchukua aliniuliza kwa sauti ndogo, "Daktari, ni kwa sababu nilimpa maziwa?" Nilimwambia hapana, mama, si wewe. Na ilikuwa kweli. Kirusi cha parvo huchukua siku tatu hadi saba mwilini kabla dalili hazijaonekana. Mtoto yule alikuwa ameanza kutapika usiku wa tarehe 26, kwa hiyo aliingia kwenye katoni ile akiwa nacho tayari.

Chukua kalenda uhesabu pamoja nami. Mimba ya mbwa ni siku 63 hivi. Mtoto wa mbwa hapaswi kuondoka kwa mama yake kabla ya wiki 8. Ili atimize wiki 8 tarehe 24 Desemba, lazima awe amezaliwa kufikia tarehe 29 Oktoba, na mama yake awe amepandwa karibu na tarehe 27 Agosti. Sasa mbwa jike huingia kwenye joto kwa ratiba ya mwili wake, takriban mara mbili kwa mwaka, na ratiba hiyo haijui Krismasi. Mfugaji makini huwa na watoto mwaka mzima, wachache wachache, na wengi wao wana wenyewe kabla hawajafumbua macho. Hawezi kuzalisha mamia kwa wiki moja ya Desemba. Ila wanunuzi wenyewe huja wiki hiyo moja, wote pamoja, na pesa mkononi. Wa kuwauzia ni yule ambaye watoto wake walizaliwa katikati ya Novemba na anajua kusema "miezi miwili" bila kupepesa macho.

Wiki hizo tatu zinazokatwa ndizo zinazoumiza. Mtoto wa wiki tano bado anajifunza kwa ndugu zake kwamba kuuma kwa nguvu kunaharibu mchezo. Asiyejifunza hapo atajifunzia kwenye mikono ya mtoto wako. Halafu kuna suala la kinga, ambalo wateja wengi hawajawahi kuelezwa. Mtoto akishazaliwa hupata kinga ya mama kupitia dang'a, yaani maziwa ya kwanza. Kinga hiyo hupungua kidogo kidogo, na ikiwa bado ipo damuni hupambana na chanjo na kuifanya isishike. Hakuna anayeweza kumtazama mtoto kwa macho na kujua siku ambayo kinga ya mama imekwisha. Ndiyo maana tunaanza kuchanja kati ya wiki ya 6 na ya 8, tunarudia kila baada ya wiki tatu au nne, na hatuachi mpaka afike wiki ya 16. Kwa hiyo hata yule aliyechanjwa kihalali tarehe 20 Desemba hajalindwa bado siku ya sikukuu, siku ambayo nyumba inajaa wageni wenye viatu walivyokanyagia mitaa yote ya Nairobi. Parvo husafiri kwa viatu. Kwenye udongo wenye kivuli huweza kudumu mwaka mzima na zaidi. Baba yule wa Komarock aliniuliza kama anunue mwingine wiki hiyo hiyo ili binti anyamaze. Nilimkatalia. Sakafu ya saruji unaweza kuisugua kwa sabuni kisha Jik, lakini uwanja wa udongo hauoshwi.

Kichaa cha mbwa nacho hatukichanji kabla ya miezi mitatu. Ugonjwa huu ulithibitishwa nchini Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa wa viungani mwa Nairobi hii hii, na mpango wa taifa ni kumaliza vifo vya watu kufikia 2030. Mtoto wa Krismasi anayepakiwa kwenye gari kwenda ushago hukutana huko na mbwa wasiojulikana wamechanjwa au la, naye hana kinga, na jioni anachezewa na watoto kumi. Ukiumwa au kukwaruzwa na mbwa usiyemjua, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje kuona mbwa atakuwaje.

Nimesema mengi ya ugonjwa kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Lakini hata kama vijibwa vyote vya Desemba vingekuwa na afya kamili, bado ningefunga daftari mwezi huo, na sababu ni jinsi Nairobi inavyoishi Desemba. Kuanzia tarehe 20 mji unahama. Nauli inapanda, basi la kwenda Kakamega au Kisii halitaki mbwa, na dada wa nyumbani naye ameenda kwao. Anayebaki na mbwa ni askari wa geti, aliyeachiwa mia tano na pakiti ya unga. Mtoto wa wiki nane anahitaji kula mara tatu au nne kwa siku, chakula laini, maji safi, na mahali pa joto usiku. Simlaumu askari. Yeye ameajiriwa kulinda geti, na mwenye mbwa ni aliyeondoka. Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, inahesabu kumnyima mnyama chakula kuwa kosa, na kosa hilo halifutwi na safari.

Usiku wa kuamkia mwaka mpya kuna fataki, honi na vigelegele saa sita kamili. Tangu wiki ya 3 hadi ya 14 hivi ya umri wake ndipo mbwa anapojifunza kipi ni salama duniani na kipi ni cha kuogopwa. Mbwa wangapi wazima wanaletwa kwangu wakitetemeka kila mvua ya radi, na mwenyewe anakumbuka kwamba aliletwa nyumbani "ile wiki ya Krismasi"? Siwezi kuapa kwamba ni fataki. Ila nisingependa mtoto wa mbwa akutane nazo akiwa na siku saba tu kwenye nyumba ngeni, bila mama wala ndugu.

Kisha Januari inafika. Karo, sare, vitabu, kodi ya nyumba. Hesabu tena: chanjo ya pili inaangukia katikati ya Januari, ya tatu Februari. Yaani gharama ya mbwa inakuja wakati mfuko uko mtupu kuliko mwezi wowote mwingine. Tunaona chanjo ya kwanza, ya pili hatuioni, na mwezi wa Machi mbwa analetwa kwenye dripu, ambayo kwa siku tano inagharimu kuliko chanjo zake zote za mwaka.

Mtu anaweza kuniambia kwamba zawadi ya mbwa yenyewe ndiyo mbaya. Hapo sikubaliani naye. Mwaka 2013 shirika la kutetea wanyama la Marekani, ASPCA, lilichapisha utafiti kuhusu watu waliopewa mbwa na paka kama zawadi, na wengi mno walisema kuwa kupewa hakukupunguza mapenzi yao kwa mnyama. Naamini hivyo, kwa kuwa nawaona hapa kila siku. Shida ni mbwa wa ghafla. Mpokeaji hajaulizwa, mwenye nyumba hajaulizwa (na ploti nyingi za Roysambu, Umoja na Kilimani hazikubali mbwa kabisa), na hakuna aliyepiga hesabu kwamba mtoto wa gredi ya 3 leo atakuwa amemaliza sekondari mbwa huyu angali hai.

Kwa hiyo tumeandaa kitu kingine. Tunakuuzia sanduku la Krismasi bila mbwa: bakuli, mkanda na kamba, dawa ya minyoo ya mara ya kwanza, na kadi ya chanjo tupu ambayo chanjo zake zote tatu na ya kichaa cha mbwa zimeshalipiwa. Ukishindwa kulipa yote mara moja, lipa kidogo kidogo kuanzia Septemba. Mtoto wako atafungua kitu siku ya sikukuu, na kuanzia tarehe 11 Januari tunakaa naye chini kuzungumza: nani atamlisha asubuhi kabla ya shule, mbwa atalala wapi, geti lina mwanya wa kiasi gani. Tunataka kuona barua ya mwenye nyumba kama umepanga. Kisha tunakwenda pamoja kwa mfugaji kumwona mama wa watoto. Mfugaji asiyetaka umwone mama, muage uondoke.

Na kama utanisikiliza, fikiria mbwa mkubwa. Familia inayofuga kwa mara ya kwanza kwenye uwanja mdogo wa Nairobi itapata raha zaidi kwa mbwa wa kienyeji wa mwaka mmoja, ambaye tabia yake unaiona, kuliko kwa Japanese Spitz (kale keupe ka manyoya mengi) wa wiki nane atakayebweka kila pikipiki ikipita. KSPCA, ambao wamekuwa wakitetea wanyama tangu 1910, wako Karen na wana mbwa wa namna hiyo wanaosubiri nyumba. Nenda na watoto, mkae nao kidogo.

Ikiwa umeshaletewa kijibwa na mtu hukumwomba, usikirudishe barabarani wala usione haya kutupigia. Kilete ndani ya siku mbili, ukiwa umekibeba, bila kukitua chini hapa nje. Kipe chakula kile kile kilichozoea. Usikioshe wiki ya kwanza, maana baridi huwamaliza haraka. Mifupa ya kuku iliyopikwa, vitunguu, chokoleti na keki yenye zabibu visifike karibu nacho. Kikikataa kula na kikatapika mara mbili, usingoje sikukuu ipite. Tarehe 25 na 26 tunafungua saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana kwa dharura, na nje ya hapo simu ya kliniki inapokewa usiku na mchana.

Wateja wanaosafiri na kutuachia mbwa, nafasi ni chache na mbwa awe amechanjwa si chini ya wiki mbili kabla ya kuingia.

Baba wa Komarock alirudi Desemba iliyofuata, tukampa sanduku. Februari alikuja na binti yake kuchukua mbwa, jike wa kahawia mwenye sikio moja lililolala. Nilipofungua kadi nijaze, niliona binti ameshaandika kwa penseli anwani yao, jina la mwenye mbwa na rangi ya bakuli, ingawa rangi ya bakuli hatuiulizi. Mahali pa jina la mbwa palikuwa wazi. Aliniambia hakutaka kumpa jina mbwa ambaye alikuwa hajamwona.